Chembechembe nyeupe, seli nyeupe na limfosaiti: je, ni kitu kimoja?

Swali: Katika makala za afya ninakutana na "chembechembe nyeupe za damu", "seli nyeupe", "limfosaiti" na "neutrofili". Je, haya ni majina manne ya kitu kimoja?

Jibu: La. Mawili ya kwanza hutaja kundi zima la seli za damu zinazoukinga mwili dhidi ya maradhi. Mawili ya mwisho hutaja aina mbili tu kati ya tano kuu za kundi hilo. Kila limfosaiti ni seli nyeupe, lakini si kila seli nyeupe ni limfosaiti, na kwa mtu mzima mwenye afya aina iliyo nyingi zaidi kwa kawaida ni neutrofili. Mwandishi anayesema "limfosaiti zimepungua" ilhali vipimo vimeonyesha upungufu wa seli nyeupe kwa jumla amesema jambo jingine kabisa.

Kati ya "chembechembe" na "seli", mimi nachagua "seli". Tone la damu likipakwa kwenye kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, ndani ya baadhi ya seli hizo huonekana punje ndogo sana, nazo ndizo hasa zinazostahili kuitwa chembechembe. Eosinofili, aina nyingine kati ya zile tano, huonekana imejaa punje zilizokolea wekundu wa rangi iitwayo eosini, na jina lake lina maana ya "ipendayo eosini". Punje za basofili, aina ya nne, hugeuka buluu iliyoiva, na za neutrofili hazikolei sana upande wowote. Mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyezipambanua kwa rangi namna hii mwishoni mwa miaka ya 1870. Sasa, aliyekwisha kuziita seli zenyewe chembechembe atajikuta anaandika "chembechembe zenye chembechembe", na hapo msomaji hupotea.

Limfosaiti na monosaiti, ambayo ni aina ya tano, hazikupewa majina kwa rangi. Kiishio "-saiti" chatokana na neno la Kigiriki ambalo katika istilahi hizi humaanisha seli, kwa hiyo "seli za limfosaiti" ni kurudia neno, "limfosaiti" yatosha.

La mwisho ni mpangilio wa maneno. Andika "seli nyeupe za damu", wala si "seli za damu nyeupe", kwa kuwa kivumishi kikiifuata damu moja kwa moja, msomaji huelewa kuwa damu ndiyo nyeupe.