Jibu: Jumamosi moja Kisumu na rafiki kutoka Mombasa

Dada, karibuni sana. Umeuliza mwanzie wapi, ikiwa mna Jumamosi moja tu na mnataka utamaduni, si maduka.

Anzeni Makumbusho ya Kisumu asubuhi, kabla jua halijakaza. Wengi hukimbilia nyoka na matangi ya samaki. Nyinyi nendeni moja kwa moja Ber-gi-dala, boma la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Inameni mlangoni, mwingie nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, mtulie mpaka macho yazoee giza. Mwombeni mwelekezi awaeleze kwa nini kila nyumba imekaa pale ilipo. Mimi nilielezwa na babu yangu tukiwa tumesimama papo hapo, na harufu ile ya udongo na nyasi kavu sijaisahau.

Mchana chukueni tuktuk hadi Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, mle samaki mzima na ugali, kwa mkono, ziwa likiwa mbele yenu. Msiharakishe hapo.

Soko la Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili, kwa hiyo liacheni. Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya njia ya Bondo, yanastahili siku yake.

Jioni mkibahatika kumpata mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, sogeeni karibu kabisa. Nyuzi ni 8, lakini tazameni mguu wake: ana pete ya chuma kwenye kidole, anaigonga kwenye ala huku njuga zikilia. Mweleze rafiki yako aangalie hapo kwanza.