Mashine ya RO inamwaga maji mengi, tumepigwa?

SWALI: Dada habari za kazi. Mume wangu kafunga mashine ya RO, hii ya kuchuja maji ya kunywa, chini ya sinki, maji yake matamu sikatai, ila kuna kimrija kinamwaga maji kwenye bomba la uchafu kila inapochuja, nikakinga ndoo nikakuta yanayomwagwa ni mengi kuliko tunayokunywa! Fundi anasema ndo ilivyo. Ni kweli au tumepigwa? Mama wa watatu

JIBU: Nzuri mama. Hamjapigwa, fundi kasema kweli. Filta ya kawaida ni kama chujio la chai, takataka zinabaki maji yote yanapita, lakini chumvi ikishayeyuka huikamati kwa chujio la hivyo. RO (reverse osmosis, yaani osmosisi ya kinyume) inatumia membreni, utando mwembamba mno wa plastiki maalumu umeviringishwa ndani ya kopo. Maji yakiachwa yenyewe yanavuka utando kwenda upande wenye chumvi nyingi, ndo osmosisi hiyo, sasa presha inayalazimisha yaende kinyume, yanavuka kwenda upande msafi na chumvi inabaki nyuma. Ikibaki tu pale itarundikana mpaka membreni izibe, kwa hiyo maji mengine hayavuki, yanapita juu yake yanaisomba chumvi na kutoka nayo, na ndo hayo uliyoyakinga. Deki nayo, mwaga chooni, ila maua usiyazoeshe maana yana chumvi kuliko ya bomba.

Mashine nyingi za zamani zinamwaga kama lita 3 au 4 kwa kila lita 1 safi, baadhi ya mpya zenye pampu zinakaribia nusu kwa nusu. Presha ya bomba ikiwa ndogo hali inakuwa mbaya zaidi, inapenda kama bar 3 hadi 4.

Kumwaga bila kukoma hata tenki la maji safi likijaa, hapo sasa ndo tatizo. Funga koki ya tenki na bomba la kunywea, subiri kama robo saa. Mrija ukikauka, shida huenda ni presha ya hewa ya tenki, ukiendelea kutiririka basi valvu ya kujifunga imekufa, au ile ya kuzuia maji yasirudi nyuma.

Halafu filta za mbele, zile maji yanazopitia kabla ya membreni, msizisahau jamani, watu wanazidharau kwa vile ni rahisi, kumbe ile ya mkaa ndo inaondoa klorini na klorini inaila membreni. Badilisheni kila miezi 6 hadi 12, membreni yenyewe kwa kawaida inafika miaka 2 au 3. Mkiwa na mita ya TDS (inapima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji) pimeni maji yanayoingia na yanayotoka, membreni nzima inaipunguza TDS kwa zaidi ya 90%, ikianza kushuka kwenda 80% andaeni hela. Ila mita hiyo haioni bakteria hata kidogo, na tenki nalo linahitaji kusafishwa, kwa hiyo kama maji yenu ni ya kisima wekeni na taa ya UV, ya mwanga unaoua vijidudu, au chemsheni.