Mjamzito wa Maji ya Chai, usiishie kuchemsha maji

Mimba yangu ya kwanza nilijiona mama makini. Kila jioni sufuria la maji jikoni, yatokote, yapoe, ndipo ninywe. Siku moja kliniki nesi akaniuliza maji nayatoa wapi. Nikajibu kwa majivuno kwamba ni ya mtoni, ila nachemsha. Akatikisa kichwa: "Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haifi."

Sisi wa Maji ya Chai, kando ya Mlima Meru, floraidi tunaijua kwa meno ya kahawia. Nikicheka Dar, watu wanajua mara moja natoka Arusha. Madini hayo maji huyachota kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na mito na chemchemi zetu kadhaa zimekivuka mbali. Nilichokuwa sijui ni kwamba maji yakichemka mpaka yakapungua, floraidi inabaki na kukolea.

Inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye meno yake ya utotoni huanza kujijenga akiwa bado tumboni. Je, inapunguza uzito wake? Wataalamu hawajaafikiana. Mwanangu alizaliwa na kilo 2.4, pungufu kidogo ya 2.5 inayotakiwa, wala siyasingizii maji. Nilikuwa napikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Moshi ule una kaboni monoksaidi, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu ya mama, na ushahidi dhidi ya moshi ni mzito kuliko ule wa floraidi. Ukiweza kubadili jambo moja tu, toa jiko nje.

Mimba ya pili nilifunga gata kwenye bati, nikakinga mvua za masika. Maji ya mvua karibu hayana floraidi, ila mvua ya kwanza iache ioshe bati, na hayo pia uyachemshe. Kama huna simtenki, madumu machache ya kunywa na kupikia yanatosha. Kufulia endelea na ya mtoni.

Vita ilikuwa magadi. Nayo yana floraidi, na mama mkwe hapiki makande bila magadi. Nikamwambia, "Mama, tuloweke mahindi na maharage usiku kucha, yataiva." Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimezaa saba na magadi yangu." Tukaishia sufuria mbili, na kuni mara mbili, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha.

Udongo nao, ule wa pemba wa sokoni, niliula kwa siri. Unazuia mwili kufyonza madini ya chuma na unaweza kukuletea minyoo. Damu ikipungua, mtoto naye anakosa. Ukiona hamu imezidi, mwambie nesi, usione haya. Huenda damu yako tayari iko chini.

Na ukienda kusalimia tambarare ya Moshi, kule Kahe kwenye mpunga, beba chandarua. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo na kumnyima mtoto chakula, hata mama asipohisi homa. Dawa za SP za kukinga malaria unazopewa kliniki meza palepale, usizifiche kwenye pochi kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Wa pili alizaliwa na kilo 3.1. Mama mkwe anasema ni makande yake, maana aligundua nilikuwa nadokoa kwenye sufuria lake.