Kinyonga wako hana kisirani, anaogopa

Pole, ila usivunjike moyo. Umesema umeishi naye miezi minne na bado ukiingiza mkono kizimbani anajivimbisha, anatoa mlio kama wa nyoka na kukuachamia mdomo. Kwa kinyonga, hasa wale wa asili ya Yemeni, hiyo ni tabia ya kawaida. Ni mnyama wa kuishi peke yake, hatafuti rafiki.

Angalia mkono wako unatokea wapi. Kama mlango wa kizimba uko juu, kwake wewe ni ndege anayemshukia. Ingiza mkono polepole kutokea mbele, chini ya kifua chake, ukiwa na mdudu kwenye vidole, kisha tulia. Wangu alinitazama kwa jicho moja, lile jingine likizunguka huko nyuma, na siku ile hakula. Baada ya majuma kadhaa ndipo akaanza kurusha ulimi. Akija, mwache apande mwenyewe. Usimng'oe tawini, maana anashika kwa miguu na mkia.

Kung'ata anang'ata, na inauma, lakini hana sumu.

Ongeza majani ya kujifichia, na uondoe kioo chochote anachojionea: anadhani ni mpinzani.

Kinachonitisha mimi si ukali. Akibaki mweusi kutwa, akifumba macho mchana au akiacha kula, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Akiwa mkali tu na anakula vizuri, mzoee hivyo hivyo.