Re: Ufa unakua, ukinzani haubadiliki

Habari ndugu. Unasema ufa kwenye modeli yako ya kompyuta ya epoksi (plastiki ngumu ya gundi) yenye mirija nano ya kaboni (vijirija vidogo mno vinavyopitisha umeme) umeshakata nusu ya kipande, lakini ukinzani wa umeme umeganda palepale. Yalinikuta hayo hayo hapa Tanga.

Kabla ya kugusa meshi (wavu wa elementi, yaani vipande vidogo vinavyogawa modeli), angalia elektrodi, ncha za kuingizia na kutolea mkondo, umeziweka wapi. Mkondo ukienda sambamba na ufa, ufa hauuzuii. Ni kama tofali lililolazwa kwa urefu ndani ya mfereji wa mvua pale Ngamiani, maji yanapita tu pembeni. Nilipoteza wiki nzima kwa hilo, aibu tupu. Ufa uukingame mkondo.

Kisha fungua mlinganyo wa umeme: upitishaji umezidishwa na (1−d)², ambapo d ni kiwango cha uharibifu, 0 ni kizima na 1 kimevunjika? Bila hiyo, d ikifika 1 kipande kimevunjika kimekanika tu, umeme unavuka ufa kama kawaida. Bakiza kidogo, mfano 10⁻⁶ ya upitishaji wa awali, la sivyo solva (programu inayotatua milinganyo) itagoma. Elementi zisizidi nusu ya l, yaani urefu unaoweka upana wa ufa kwenye modeli.

Halafu, mwanya kati ya mirija, ambao umeme huuruka, ukiongezeka hata sehemu ya nanomita, ukinzani wake hupanda mno kabla ufa haujaanza. Umeuweka ukinzani huo kwenye modeli?

Mimi nimefanya 2D tu. Tuma picha ya masharti ya mipaka ya modeli yako.