Mbegu zinazongoja baridi

Wiki jana nilitaja majangwa yenye theluji, maswali yakamiminika.

*Jangwa na theluji wapi na wapi? Hapo umetupiga chenga. (Msomaji, Kayole)*

Sijawapiga. Jangwa ni uhaba wa mvua, si ukali wa jua. Chalbi yetu ni ya joto, lakini Gobi, kule Mongolia na China, hufika nyuzi 40 chini ya sifuri.

*Mbegu inataka baridi ya nini? Mahindi yangu huota kwa joto. (Mama mkulima, Ruai)*

Mama, mimea mingi ya huko hudondosha mbegu baridi ikikaribia. Zikiota papo hapo, barafu itazikuta na majani mawili tu. Kwa hiyo hulala, hata uzimwagilie maji. Wiki kadhaa za ubaridi wenye unyevu, nyuzi 0 hadi 5 hivi, ndizo huziamsha: homoni inayozuia kuota hupungua, ile ya kuamsha ikashika usukani.

Jaribu na tufaha, nalo lina tabia hiyo. Nilifunga mbegu saba kwa tishu iliyoloa, nikaziweka ndani ya friji kando ya sukuma wiki. Kijana wangu nusura azitupe, mara mbili. Wiki ya kumi, tano zilikuwa na kamzizi keupe kama ncha ya njiti ya meno. Nilizopanda moja kwa moja mkebeni? Kimya hadi leo.

*Basi dunia ikipata joto si zitaamka mapema, mambo yawe poa? (Kidato cha tatu, Umoja)*

Kuamka mapema ndiko balaa kwenyewe. Mche ukichungulia, baridi ikarudi usiku mmoja, umekwisha. Na baridi ikiwa fupi mno, mbegu nyingine haziamki kabisa.

Halafu kuna theluji. Ni blanketi, tena ni tangi la maji. Ikipungua kwa sababu ya joto, udongo ulioachwa wazi huweza kuganda zaidi, na maji ya kuoteshea yakakosekana. Mimea mingine huacha akiba ya mbegu ardhini kwa miaka, kama mkulima asiyemaliza debe msimu mmoja. Msaksauli, mti mdogo wa majangwa ya Asia ya Kati, hauna akiba hiyo. Mbegu zake hazidumu sana, msimu ukiharibika zimepotea.

*Hakuna mmea unaofaidika? (Msomaji, Rongai)*

Upo, na simpongezi mtu. Nyasi iitwayo Bromus tectorum ilivamia Great Basin, jangwa la baridi kule Marekani. Huota tangu vuli, hunywa maji kabla mimea ya kienyeji haijaamka, kisha hukauka na kushika moto upesi. Kichaka cha kienyeji cha huko, Artemisia tridentata, kikiungua hakichipui tena shinani. Hutegemea mbegu tu.

*Nami niweke mbegu za pilipili kwa friji? (Msomaji, Kasarani)*

Weka, ila zikauke kwanza na chupa ifungwe kabisa. Benki ya mbegu ya Muguga huhifadhi zake nyuzi 20 chini ya sifuri, zikiwa kavu. Baridi kavu hulaza. Ile ya tishu yangu iliyoloa huamsha.