Shahada ya ustawi wa jamii kwa mkopo: usihesabu deni, hesabu makato

Swali la kama inafaa kusoma shahada hii kwa mkopo limerudi tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mzazi. Binti yake amepangiwa shahada ya ustawi wa jamii, mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu Tanzania) umetoka, na mjomba mtu anasema huko ni kujitwisha deni la milioni kumi kwa kazi isiyolipa. Mjomba hajakosea tarakimu. Amekosea pa kutazama.

Deni lenyewe linajengwa hivi. Bumu, yaani posho ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Chukua siku 240 kwa mwaka, unapata 2,400,000. Vitabu na viandikwa ni 200,000. Ada, tuseme chuo kinatoza 1,200,000 na Bodi imebeba nusu: 600,000. Mwaka mmoja ni 3,200,000, miaka mitatu 9,600,000. Ongeza fildi (mafunzo kwa vitendo) mbili za siku 56 kwa 10,000 kwa siku, yaani 1,120,000. Jumla 10,720,000.

Inatisha, lakini haikui. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kurejesha. Mwenzetu wa Kenya mwenye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya huko, anahesabiwa riba ya asilimia 4 kila mwaka, na akikaa bila kulipa anapigwa faini ya shilingi 5,000 za kwao kila mwezi. Kwake yeye muda ni gharama. Kwako muda unakusaidia, maana shilingi ya miaka minane ijayo ni nyepesi kuliko ya leo.

Kinachouma ni makato ya HESLB ya asilimia 15, na inakatwa kwenye mshahara wa msingi, siyo kwenye kilichobaki baada ya kodi. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Tuchukue afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mwenye mshahara wa msingi wa 750,000, kwa mfano tu. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5: 37,500. Bima ya afya asilimia 3: 22,500. Kodi inapigwa kwenye 712,500 baada ya kutoa mchango wa pensheni, inakuja 58,500. HESLB: 112,500. Mkononi anabaki na 519,000, na akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, ni 504,000. Kwa makato hayo deni linaisha kwa miezi 96, yaani miaka minane, na mapema zaidi akipanda daraja, kwa sababu asilimia 15 inapanda na mshahara.

Sasa linganisha na shirika la mradi linalolipa 1,200,000. NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ya asilimia 10 ni 120,000, kodi 152,000, HESLB 180,000, mkononi 748,000. Ni tofauti ya zaidi ya laki mbili, na deni linaisha ndani ya miaka mitano. Tatizo, mkataba wa mradi una tarehe ya mwisho, na wakati mwingine hata hiyo tarehe haifiki. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliokuwa wakihudumia watoto na kaya kwa fedha za USAID walijua maana yake ndani ya wiki chache. Kazi ikikatika deni halikatiki. Aliyejiajiri anatakiwa kupeleka walau 100,000 kwa mwezi, awe na wateja au asiwe nao. Kwa hiyo ukiwa kwenye mradi, weka pembeni marejesho ya miezi sita kwa kiwango hicho cha 100,000. Hiyo ni 600,000.

Kuna kosa lingine, na hili ni la hiari. Mwajiri wa serikali hukuachia walau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa mfano wetu 250,000, hivyo afisa wetu mwenye 519,000 anaonekana benki kuwa na nafasi ya 269,000 zaidi ya kukatwa. Barua ya ajira haijakauka wino, ofisa mikopo keshapiga simu. Anayechukua mkopo wa benki ili "kumalizana na Bodi" anabadilisha deni lisilo na riba kwa lenye riba. Sijui ni nani aliyeeneza ushauri huo, lakini ni mbovu.

Na kumbuka, kuchelewa kupata ajira nako ni gharama. Kusubiri ajira mwaka mzima kwa mshahara wa afisa wetu kunakupotezea zaidi ya milioni sita za mkononi, yaani zaidi ya nusu ya deni lote. Kwa hiyo fuatilia matangazo ya Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) na ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia halmashauri), mahali ambapo nafasi za ustawi wa jamii hutoka pamoja na za kada za afya, na usichague mkoa.

Ukishaajiriwa, mwajiri anapaswa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28. Wapo wasiofanya, na wapo wanaokata bila kupeleka. Linganisha hati ya mshahara na taarifa ya deni kila baada ya miezi mitatu. Salio likikaribia sifuri, omba mapema barua ya kumaliza deni, kwa sababu makato yasiposimamishwa huendelea, na kurejeshewa ziada kunahitaji maombi na subira.